Anaoga Mwenyewe, Lakini Mlango Hautiwi Komeo

“Kijana anaweza kula mwenyewe?”

“Anaweza.”

“Kuoga je?”

“Anaoga.”

“Na nguo?”

“Anavaa, tena anajifulia mwenyewe, mwanangu.”

Hivyo ndivyo dada yangu alivyojibu mbele ya afisa wa ofisi moja huku Pwani ya Kenya, mwanawe wa miaka 24 ameketi kando yake, kachana nywele, kimya. Hakusema uongo hata kidogo. Afisa akaandika kwamba kijana anajimudu, akamwita anayefuata.

Lakini mpwa wangu anapooga, mlango hautiwi komeo. Mama yake husimama nje akimsemesha, na akichelewa kuitika, huingia. Chakula anakula mwenyewe, ila jikoni hakanyagi: kovu lililoanzia kiganjani hadi kiwikoni alilipata kifafa kilipomwangusha juu ya mafiga. Baharini haendi na wenzake. Mnazi hapandi. Pikipiki haendeshi. Kwenye kijiji cha wavuvi, wagema na waendesha bodaboda, kijana wa hivyo abaki na kazi gani? Na mama wa kijana wa hivyo ataenda soko lipi akamwacha?

Hapo ndipo maombi ya msaada ya wazazi wengi wenye watoto wazima wa kifafa yanapokwama. Maswali yanalenga kile ambacho mikono na miguu inaweza kufanya. Mtu wa kifafa ana mikono na ana miguu. Kinachotakiwa kujulikana ni kama anaweza kuachwa peke yake akiitumia.

Sheria, nionavyo mimi, inamtambua kijana huyu kuliko ofisi zinavyomtambua. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 260, inauita ulemavu hali yoyote, ikiwemo maradhi, yenye athari kubwa au ya muda mrefu katika shughuli za kila siku za mtu, au ambayo sehemu kubwa ya jamii inaiona kuwa na athari hizo. Wazazi wausome mara mbili mstari huo wa mwisho. Kijana aliyefukuzwa kazi ya ukuli kwa sababu wenzake wanaogopa kuguswa na povu lake, wakidhani kifafa kinaambukiza, anaingia humo, hata kama siku hiyo alibeba magunia kuwashinda wote. Na kifungu cha 43 kinaitaka Serikali iwasaidie wasioweza kujikimu.

Msaada wenyewe ni mdogo. Chini ya Inua Jamii, mpango wa Serikali wa kuwapa fedha wasiojiweza, kuna fungu la watu wenye ulemavu mkubwa, lililoanza mwaka 2011, ambalo hulipa kaya Sh2,000 kwa mwezi kupitia kwa mlezi. Limewekwa kwa anayehitaji kuangaliwa muda wote, na majina huchukuliwa usajili unapofunguliwa, kwa hiyo chifu na mzee wa kijiji wanapaswa kumjua kijana wako kabla ya siku hiyo. Mengi huanzia kwenye kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, na kadi hutanguliwa na uchunguzi katika hospitali ya serikali iliyoidhinishwa. Akishatimiza miaka 18 atahitaji pia kitambulisho chake cha taifa. Familia nyingi zimekichelewesha, zikiona kijana haendi popote.

Sasa, huko hospitali daktari atamkuta mtu mzima anayezungumza vizuri. Kifafa hakikai kikamsubiri daktari. Ndiyo maana dada yangu, baada ya lile ombi la kwanza kukataliwa, alinunua daftari la shule. Humo anaandika tarehe, saa, kimemshika wapi, kimechukua dakika ngapi, kama aliuma ulimi au alijikojolea, kama aliumia, na alichukua muda gani kabla ya kujua yuko wapi. Hilo la mwisho wazazi hulisahau. Mtukutiko wa dakika mbili unaweza kufuatwa na saa nzima ya usingizi na kuchanganyikiwa, na saa hiyo nayo ni ya mlezi. Jirani akiwepo, huandika jina lake na kutia sahihi. Mara moja binamu yake alirekodi kwa simu. Kumrekodi mtoto wako akiwa chini kunauma sana, lakini daktari alijifunza mengi zaidi kwenye video hiyo kuliko kwenye mazungumzo.

Daftari hilo pia linajibu hoja nyingine inayorudi kila mara: si anatumia dawa? Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata matibabu sahihi. Hiyo ni habari njema, na kila mzazi aishike. Lakini wako wanaobaki nje ya asilimia hiyo, na mpwa wangu ni mmoja wao. Anameza kabamazepini asubuhi na jioni, kadi ya kliniki ina tarehe zote, na bado anaanguka. Barua ya daktari iseme hivyo waziwazi: dawa gani, kipimo gani, tangu lini, na bado anaanguka mara ngapi kwa mwezi. Barua inayosema tu “ana kifafa” haimsaidii.

Kisha kuna aibu. Dada yangu hakumsifu mwanawe mbele ya afisa kwa kutojua mambo. Kwa miaka mingi majirani wamesema ni mapepo, na yeye kwa miaka mingi amekuwa akiwaonyesha kwamba mwanawe ni mtu kama watu. Ghafla anatakiwa amtaje kwa siku zake mbaya, kijana mwenyewe akisikia. Safari ya pili walizungumza nyumbani kwanza, na kijana ndiye aliyemwambia, “Mama, waambie lile la mafiga.”

Kadi ameipata. Fedha bado, na tumeomba sababu. Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa aliyeathiriwa na uamuzi wa ofisi ya umma haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Barua ya ukurasa mmoja inatosha, ya Kiswahili, ikiambatanishwa na nakala za daftari na barua ya daktari. Beba nakala mbili, na usiondoke kaunta kabla nakala yako haijagongwa muhuri wenye tarehe.