Altezza inarusha? Usikimbilie kununua springi

Na Mwandishi Wetu

UGUMU wa gari la spoti lililokaa miaka mingi barabarani mara nyingi hauna sababu moja. Wenye magari hayo hulalamika kwamba kila shimo hugonga moja kwa moja mgongoni, kwamba tuta lazima walipande kwa upande, na kwamba mama mzazi akipanda mara moja hataki tena. Wakifika gereji huambiwa wabadilishe springi, kisha shokapu, kisha bushi. Fedha zikiisha, gari hubaki vile vile.

Mfano unaojulikana na wengi ni Toyota Altezza, gari lililouzwa Japan kuanzia mwaka 1998 hadi 2005, na ambalo katika nchi nyingine liliitwa Lexus IS 200. Tanzania haizuii gari kuingia kwa sababu ya umri, ingawa gari kuukuu hutozwa ushuru zaidi, tofauti na Kenya iliyoweka ukomo wa miaka minane. Kwa hiyo Altezza nyingi zimeingia nchini, na baadhi zimekwisha kupita mikononi mwa vijana watatu au wanne, kila mmoja akiongeza lake.

Hapo ndipo penye kiini cha tatizo. Altezza haikuundwa iwe adhabu. Kila gurudumu lake, la mbele na la nyuma, limeshikwa na mikono miwili, wa juu na wa chini, mpangilio unaolisaidia tairi kukanyaga barabara sawasawa gurudumu linapopanda na kushuka. Gari likiwa gumu kupita kiasi, ama kuna mtu amelibadilisha, ama kuna kitu kimechoka.

Ugumu huo si suala la starehe tu. Tairi linaporuka juu ya makorongo halikanyagi lami, na tairi lisilokanyaga lami halifungi breki wala halipindi kona. Dereva aliye kasi kwenye barabara mbovu yenye kona anaweza kujikuta gari limehama njia bila yeye kufanya kosa lolote kwenye usukani.

Uchunguzi uanzie mahali pa bei rahisi, yaani kwenye upepo. Kiwango sahihi kimeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa pembeni mwa mlango wa dereva, lakini ni wachache wanaoisoma. Wajazaji wengi hukadiria, na tairi lililojazwa psi 40 wakati lilihitaji chini ya hapo huwa kama gogo. Upepo upimwe asubuhi kabla gari halijatembea, kwa kuwa kila nyuzi joto 10 za Selsiasi zinazoongezeka hupandisha kipimo kwa kati ya psi moja na mbili.

Kisha itazamwe saizi ya tairi. Altezza nyingi zilikuja na tairi la 215/45 kwenye rimu ya inchi 17. Namba 45 maana yake ni kwamba ukuta wa tairi una urefu wa asilimia 45 ya upana wake, sawa na milimita 97 hivi. Mwenye gari akiweka rimu ya inchi 18 na tairi la 235/35, ukuta hupungua hadi milimita 82. Akirudi kwenye inchi 16 na tairi la 205/55, anapata karibu milimita 113, ilhali kimo cha gurudumu zima kinatofautiana na kile cha inchi 17 kwa milimita saba tu. Kabla ya kulipa, rimu ijaribishwe ili kuhakikisha haigusi breki. Itapunguza mvuto mbele ya marafiki, lakini mashimo hayajali mvuto.

Umri wa tairi nao husomeka ubavuni. Tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT ni wiki na mwaka wa kutengenezwa, kwa mfano 2312 ni wiki ya 23 ya mwaka 2012. Mpira uliozeeka hukakamaa hata kama kashata zake bado ni nene.

Yote hayo yakiwa sawa, gari lipandishwe jeki, liwekwe juu ya stendi imara na magurudumu yafunguliwe. Kwenye shafti ya shokapu kuna raba ndogo, kazi yake ni kuzuia chuma kisigonge chuma gari linapozama sana. Kwenye gari lililoshushwa raba hiyo huguswa kila wakati, hata kwenye bonde dogo. Dereva huhisi kwamba springi ni ngumu, kumbe springi haipati hata nafasi ya kufanya kazi. Raba iliyopondeka au kukatika ni ushahidi wa kutosha.

Wanaokata springi kwa msumeno hujiletea matatizo mawili kwa mkupuo. Wanapunguza nafasi ya gurudumu kupanda, na papo hapo wanaifanya springi yenyewe kuwa ngumu zaidi. Springi yenye mizunguko sita inayofanya kazi, ukiondoa mmoja, ugumu wake huongezeka kwa asilimia 20. Springi ya namna hiyo hairekebishiki. Itafutwe ya kiwandani, na zibadilishwe mbili mbili kwa ekseli.

Wapo walionunua shokapu za Kijapani zinazopandishwa na kushushwa kwa nati. Nyingi huja na springi za kilo nane au kumi kwa kila milimita, kipimo kinachofaa uwanja wa mashindano ambako lami ni laini. Kitufe cha juu kikizungushwa hadi upande wa ulaini kitasaidia kidogo. Kukaza nati ya springi hakubadilishi ugumu wa springi ya kawaida. Hubadilisha kimo cha gari tu, na ukikaza mno gurudumu hukosa nafasi ya kushuka ndani ya shimo, ndipo gari huanguka kwa kishindo.

Jambo linalosahaulika zaidi ni namna ya kufunga bushi. Bushi nyingi za mikono ni mpira ulioshikamana na bomba la chuma ndani na nje. Haizunguki, bali hujinyonga na kurudi. Fundi akikaza boliti zake magurudumu yakiwa yananing'inia, gari likishushwa mpira hubaki umejinyonga muda wote. Hapo unasukumana na springi, na baada ya miezi michache hupasuka. Mwenye gari hulaumu bushi kuwa ni feki, naye fundi hukubaliana naye.

Dawa yake haigharimu kipuri chochote. Boliti hulegezwa, gari hushushwa hadi uzito wake ukae juu ya magurudumu, au jeki huinua mkono wa chini hadi kimo hicho, ndipo hukazwa. Kwa uzito wa hoja, gari lolote lililowahi kubadilishiwa bushi na kubaki gumu lingefanyiwa jambo hili kabla ya lingine. Bushi za plastiki ngumu zinazosifiwa kwa wapenda mbio hazihitaji hilo, lakini hupitisha kila mtikisiko hadi kwenye kiti.

Shokapu iliyokufa huonekana kwa mafuta yanayovuja, au gari likibonyezwa kwenye kona yake huendelea kuyumba zaidi ya mara moja. Hiyo nayo huzamisha gari hadi kwenye raba, hivyo mwenye gari akadhani springi ni ngumu.

Kimo kikirudishwa kama cha kiwandani, pembe za magurudumu hubadilika, kwa hiyo lazima gari lipelekwe kupimwa alaimenti, la sivyo matairi mapya yataliwa upande mmoja. Taa za mbele zirekebishwe pia, maana pua ya gari ikipanda mwanga wake huwapiga machoni madereva wanaokuja.