Sigara ya Umeme Mbele za Watu: Kujiamini Huko Kunatoka Wapi?

Kwa muda mrefu mvutaji wa sigara alitambulikana kwa mambo matatu: harufu ya nguo zake, majivu aliyoyaacha pale alipokaa, na moshi uliomtangulia mlangoni. Siku hizi amezuka mvutaji wa aina nyingine. Hana kiberiti, hana majivu, na harufu anayoiacha nyuma yake ni ya embe au peremende. Mkononi ameshika kijichombo cha rangi, chenye umbo la kalamu; hukipeleka kinywani, akavuta, kisha akatoa wingu jeupe lililo kubwa kuliko moshi wa sigara. Chombo hicho ni sigara ya umeme, ambayo vijana wa mijini huiita vepu.

Swali linaloulizwa mara kwa mara, hata miongoni mwa askari, ni kama mtu anaweza kukitumia chombo hiki mbele za watu bila ya wasiwasi wowote: garini, kantini, hotelini au katika foleni ya benki. Wako wanaoshikilia kwamba mtumiaji hana sababu ya kujificha, kwa kuwa hachomi tumbaku na hatoi moshi. Wako pia wanaoona kwamba huko ni kuwakosea wengine adabu. Makala haya yanakusudia kulichambua swali hilo kwa faida ya askari wa jeshi na wa polisi, kwani wao hukabiliwa nalo kwa namna isiyomkabili raia wa kawaida.

CHOMBO CHENYEWE

Wazo la kuvuta bila ya kuchoma si jipya. Mmarekani aitwaye Herbert Gilbert alipewa hataza ya sigara isiyo na moshi mwaka 1965, lakini uvumbuzi wake haukupata kuingia sokoni. Aliyefanikiwa ni Hon Lik, mfamasia wa Kichina, ambaye mwaka 2003 alitengeneza chombo kilichokuwa mzazi wa hivi tunavyoviona leo. Hon Lik mwenyewe alikuwa mvutaji, na alitaka njia ya kuiacha sigara.

Ndani ya chombo hicho mna betri, waya uliosokotwa, na kijitangi cha majimaji. Mtu anapovuta, betri huupasha waya moto, nao waya huyageuza majimaji kuwa ukungu. Majimaji hayo aghalabu huwa ni mchanganyiko wa propilini glaikoli, gliserini, viungo vya kutia ladha, na nikotini, yaani kile kilevi cha tumbaku kinachomfanya mvutaji ashindwe kuiacha sigara.

"NI MVUKE TU"

Hoja inayowapa wengi ujasiri wa kuvuta hadharani ni kwamba kitokacho kinywani ni mvuke tu, kama ule wa birika la chai. Hoja hiyo haina msingi. Mvuke wa birika ni maji matupu, ilhali wingu la sigara ya umeme ni matone madogo mno ya majimaji tuliyoyataja, yaliyobeba nikotini, chembechembe nyembamba, na mara nyingine madini kutoka katika waya.

Mwaka 2018 Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani na vyuo shirika vyake vilitoa taarifa ndefu iliyokusanya tafiti zilizokuwapo. Taarifa hiyo ilithibitisha kwamba matumizi ya sigara za umeme ndani ya nyumba huongeza nikotini na chembechembe katika hewa ambayo wengine wanaivuta. Ilionya vilevile kwamba vijana wanaovianza vyombo hivi wamo katika hatari zaidi ya kuijaribu sigara ya kawaida.

Walakini haki itendeke kwa pande zote. Taarifa hiyo hiyo ilisema kwamba mvutaji wa siku nyingi, akiiacha sigara kabisa na kuhamia kwenye chombo hiki, hujipunguzia sumu nyingi zinazoletwa na moshi. Kwa hiyo mtu wa namna hiyo si wa kudharauliwa. Ila manufaa anayoyapata yanakaa katika mapafu yake mwenyewe. Hayampi idhini ya kuyajaza mapafu ya jirani, ambaye hakuwa mvutaji tangu mwanzo na hana cha kunufaika nacho.

MFANO WA UINGEREZA

Nchi iliyokipa chombo hiki nafasi kubwa kuliko nyingi ni Uingereza. Kule England uvutaji wa sigara katika majengo ya umma ulikatazwa tarehe 1 Julai 1967? La hasha, ulikatazwa juzi tu, tarehe 1 Julai 2007, na sheria yenyewe ilihusu kitu kinachowaka moto. Sigara ya umeme haiwaki, kwa hiyo haikuguswa. Mwaka 2015 idara ya afya ya umma ya huko ilikadiria kwamba madhara yake ni pungufu kwa asilimia 95 kuliko ya sigara. Kadirio hilo lilizua ubishi mkubwa miongoni mwa madaktari, lakini liliwatia moyo watumiaji wengi, wakaanza kujitokeza bila ya haya.

Jambo la kuangaliwa ni kwamba hata huko, ambako sheria ya uvutaji haikuwagusa, watumiaji hawakuachiwa uwanja wote. Mabasi na treni za chini ya ardhi za London zinakataza chombo hicho sawasawa na sigara. Wenye majengo, viwanda na mikahawa wana haki ya kuweka kanuni zao wenyewe. Mtumiaji mstaarabu huuliza kwanza, husogea kando, na huepuka kuwapulizia watoto, wajawazito na wagonjwa. Anayejiamini kule ni yule aliyekwisha kuhakikisha kwamba anaruhusiwa mahali aliposimama.

HAPA KWETU UGANDA

Hapa nyumbani jambo hili limekatwa na sheria, wala si suala la adabu peke yake. Uganda iliridhia mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku mwaka 2007. Baadaye Dakta Chris Baryomunsi, aliyekuwa mbunge na daktari, akapeleka Bungeni mswada wake binafsi. Sheria ya Udhibiti wa Tumbaku ikapitishwa mwaka 2015 na kuanza kutumika Mei 2016. Kampuni kubwa ya sigara iliipinga mbele ya Mahakama ya Katiba, lakini mwaka 2019 mahakama ililitupilia mbali shauri hilo.

Sheria hiyo inakataza kuvuta sigara katika mahali pa umma, mahali pa kazi na katika vyombo vya usafiri wa umma, na inataka mvutaji akae umbali wa mita 50 kutoka sehemu hizo. Haimruhusu mtu aliye chini ya umri wa miaka 21 kuuziwa tumbaku. Tena inapiga marufuku kuingiza nchini, kutengeneza, kusambaza na kuuza shisha, tumbaku iliyotiwa ladha, na sigara za umeme.

Basi msomaji na ajiulize. Ikiwa kitu hakiruhusiwi kuingizwa wala kuuzwa nchini, anayekitoa mfukoni mbele za watu amekipata wapi? Hata akisema kwamba amekinunua ughaibuni, au amepewa na rafiki, tayari amejitia katika maswali. Licha ya katazo hilo, vyombo hivyo bado vinaonekana mijini, na hapo ndipo jukumu la askari linapoanza.

ASKARI NA WATU

Tuchukue mfano. Askari polisi wawili wanaingia usiku katika baa moja jijini Kampala kukamata vyombo vya shisha. Mwenye baa ananyamaza, anatazama, kisha anauliza kwa upole: "Afande, na hicho kinachochomoza mfukoni mwako je?" Shisha na sigara ya umeme zimekatazwa na sheria moja, katika orodha moja. Askari yule atajibu nini? Akikasirika, watu watacheka. Akinyamaza, mwenye baa amekwisha kushinda, na kesho atawasimulia wenzake kwamba sheria ile ni ya wanyonge tu.

Raia akimwona mwenye sare akifanya jambo hadharani, huchukulia kwamba jambo hilo ni halali. Mtoto wa shule anayepita karibu na kituo cha ukaguzi hatafuti kitabu cha sheria, humtazama askari. Kwa sababu hiyo kosa ambalo kwa raia lingekuwa dogo, kwa askari huwa kubwa, maana huwafungulia wengine mlango.

HATARI YA BETRI

Kwa mwanajeshi iko sababu nyingine, nayo inahusu usalama wa kikosi. Betri nyingi za vyombo hivi ni za lithiamu. Betri ya namna hiyo ikipondeka, ikichajiwa kwa chaja isiyofaa, au ikigusana mfukoni na funguo na sarafu, huweza kupata joto ghafla, ikawaka au ikapasuka.

Jeshi la Wanamaji la Marekani lilijifunza hayo kwa machungu. Baina ya Oktoba 2015 na Juni 2016 idara yake ya usalama iliandikisha ajali zaidi ya kumi za vyombo hivi, baadhi zikitokea chombo kikiwa mfukoni mwa askari na kumwunguza mwilini. Makamanda wakaamua kwamba kuanzia tarehe 14 Mei 2017 hakuna ruhusa ya kutumia, kubeba wala kuchaji sigara za umeme katika meli, nyambizi na ndege za jeshi hilo. Nchi kavu, mabaharia wakaachiwa sehemu maalumu za nje tu. Ikiwa jeshi lenye zana nyingi za kuzimia moto limeliogopa jambo hili, sembuse askari alindaye ghala la risasi au bohari ya mafuta?

Katika doria ya usiku nako mambo ni yale yale. Vyombo vingi vina taa ndogo inayowaka kila mtu anapovuta, na wingu lake huonekana upesi likipigwa na mwanga. Harufu ya matunda mahali pasipo mti wa matunda ni taarifa tosha kwa adui mwenye pua.

Aidha, majimaji yasiyojulikana asili yake yana hatari zake. Katika mwaka 2019 na mwanzo wa 2020 Marekani ilipatwa na mlipuko wa ugonjwa wa mapafu. Hadi tarehe 18 Februari 2020 walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 2,807, na 68 kati ya watu waliougua walifariki dunia. Uchunguzi ulilenga zaidi mafuta ya vitamini E yaliyochanganywa katika majimaji ya bangi, ambayo mengi yalipatikana kwa njia zisizo rasmi. Mahali ambapo biashara yote ya bidhaa hii ni ya magendo, nani atamhakikishia askari kile kilichomo katika kijitangi chake?

SAFARINI NA UGENINI

Askari wetu husafiri. Wengine huenda katika kazi za kulinda amani, na wengine masomoni. Wahenga walisema, ukifika kwa wenye chongo, fumba jicho lako moja. Ruhusa aliyoiona mtu London haimfuati hadi nchi nyingine. India ilipiga marufuku utengenezaji, uingizaji na uuzaji wa sigara za umeme mwaka 2019. Singapore imekwenda mbali zaidi: tangu mwaka 2018 hata kuwa nacho chombo hicho ni kosa, na tarehe 1 Septemba 2025 adhabu zake zilikazwa. Abiria hawezi kujitetea kwamba hakujua.

Ndani ya ndege nako kuna kanuni. Tangu mwaka 2015 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga limekataza kuviweka vyombo hivi katika mizigo inayopelekwa chini, kwa kuhofia moto usioonekana. Abiria anayeruhusiwa kuwa nacho hukibeba mkononi, na hana ruhusa ya kukitumia wala kukichaji angani.

AFANYE NINI ALIYEKWISHA KUNASWA?

Haitoshi kukataza bila ya kuonyesha njia. Askari wengi walianza kuvuta kwa sababu zinazoeleweka: lindo refu, baridi ya usiku, hofu, upweke wa kuwa mbali na nyumbani. Wengine wamekimbilia sigara ya umeme kwa nia njema ya kuiacha ile ya kwanza. Hao wasiwekwe kundi moja na wale wanaojionyesha tu.

Kwao ushauri ni huu: waende kwa mganga wa kikosi na kusema kweli bila ya kuficha. Nikotini ni kilevi kinachotibika, na zipo tiba zinazofahamika, zikiwamo bandiko za ngozi, ubani wa kutafuna, na ushauri wa daktari. Makamanda nao wamsaidie askari anayejaribu kuacha. Wasimfanye kichekesho cha mesi. Anayezidiwa na hamu akiwa kazini na amwarifu mwenzake; siku za mwanzo ndizo ngumu, na hupita upesi zaidi mtu akiwa na wa kumtia moyo.

Ama kwa yule anayetaka kujiamini mbele za watu, na ajipime kwa maswali matatu kabla ya kutia mkono mfukoni. Je, sheria ya mahali hapa inaniruhusu? Je, aliye karibu nami amekubali kuivuta pumzi yangu? Je, ningefanya hivi mbele ya mkuu wangu, siku ya ukaguzi wa gwaride? Kwa askari aliyevaa sare ya Uganda, jibu la swali la kwanza limekwisha kuandikwa tangu mwaka 2015. Shime, tuiheshimu sheria hiyo sisi wenyewe kwanza, ili tupate nguvu ya kuwataka wengine waiheshimu.