PASIPOTI MOJA, MILANGO MIWILI

Kuna swali linalonikereketa: eti mtu awezaje kushika pasipoti ya nchi na bado azuiwe mlangoni?

Hebu tuwatazame Wahindi wa hapa Kenya. Wengi wao walikuja enzi za ukoloni. Tulipopata uhuru mwaka wa 1963 walipewa miaka miwili ya kuomba uraia, lakini maelfu wakabaki na pasipoti za Uingereza. Mwaka wa 1967 serikali yetu ikaamuru kwamba asiye raia sharti awe na kibali cha kazi. Basi, wakapanda ndege kwenda London.

Mwingereza akashtuka! Machi 1968 akapitisha sheria mbio mbio: mwenye pasipoti hiyo aonyeshe, kwa mfano, mzazi au babu aliyezaliwa Uingereza. Mzungu wa Kenya akaingia bila taabu. Mhindi akaambiwa apange foleni. India nayo ikawadai viza, ikisema huo ni mzigo wa Mwingereza.

Waliobaki bila uraia mwingine walifunguliwa mlango kwa sheria ya 2002, miaka 34 baadaye! Nionavyo mimi, wahenga hawakukosea: wapiganapo tembo, nyasi ndizo huumia.