Uchovu na Kusahau Baada ya Damu Kuvuja Ubongoni: Si Uvivu, ni Jeraha

Mgonjwa aliyevuja damu ubongoni anaporuhusiwa kurudi nyumbani, majirani humwona akitembea na kuongea, wakasema amepona. Baada ya wiki chache, lawama huanza. Huambiwa amekuwa mvivu kwa sababu analala mchana, au ana kiburi kwa sababu amesahau alichoagizwa asubuhi. Wengine hudhani amerogwa. Ukweli ni kwamba hali hii hutokana na jeraha la ubongo, ambalo halionekani kwa macho.

Damu huvuja mshipa wa ubongo unapopasuka. Mara nyingi chanzo ni presha ya juu isiyotibiwa. Pia mshipa uliodhoofika na kuvimba unaweza kupasuka, au mtu akaumia kichwa, kwa mfano katika ajali ya bodaboda.

Kwa nini mgonjwa huchoka?

Ubongo ni takriban asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nishati yake. Ukijeruhiwa, hata mambo madogo kama kufuatilia mazungumzo ya watu wengi au kuvumilia kelele huulemea. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kuchoka bila kufanya kazi nzito, na asipate nafuu hata baada ya kulala.

Kwa nini husahau?

Mara nyingi mambo ya zamani hubaki lakini ya leo hupotea. Mgonjwa anaweza kusimulia maisha ya shuleni, kisha asikumbuke kama amemeza dawa. Hapo pana hatari: akiruka dawa za presha, damu inaweza kuvuja tena, akizimeza mara mbili, presha inaweza kushuka kupita kiasi.

Familia zinashauriwa:

- Mtu mmoja asimamie dawa na kuweka alama kwenye kalenda kila zinapomezwa.
- Tarehe za kliniki ziandikwe, na simu iwekewe kengele ya kumkumbusha.
- Vitu kama funguo na miwani viwekwe mahali pamoja kila siku.
- Mgonjwa aelezwe jambo moja kwa wakati mmoja, bila redio au televisheni kupiga kelele.
- Kazi zigawanywe kwa vipindi vifupi, naye apumzike kabla hajachoka kabisa.
- Asipewe dawa za maumivu au za kienyeji bila ushauri wa daktari.

Uchovu uelezwe kliniki pia, kwa kuwa huenda umechangiwa na upungufu wa damu, msongo wa mawazo au dawa anazotumia. Kwa kawaida nafuu huja kwa kasi zaidi katika miezi 3 hadi 6 ya kwanza, lakini inaweza kuendelea hata baada ya mwaka. Kurudi kazini kuwe kwa hatua.

Dalili za kukimbizwa hospitalini

Maumivu makali ya kichwa yanayoanza ghafla, mdomo kwenda upande, mkono au mguu kulegea, kushindwa kuongea, kifafa, au usingizi mzito usio wa kawaida. Familia isingoje kupambazuke.

Wakazi wote wanahimizwa kupimwa presha katika zahanati iliyo karibu au na mhudumu wa afya ya jamii anayetembelea nyumba zao. Kipimo kinachofika 140/90 mara kwa mara kinahitaji kuonwa na daktari, hata kama mtu hasikii maumivu yoyote.