Mamba Aliyefichwa Kwenye Bango

Januari 2007, Hollywood Pictures, tawi la Disney, ilitoa filamu iitwayo Primeval. Matangazo yake yaliahidi kisa cha kweli cha muuaji aliyemaliza watu wengi kuliko wote, lakini sura yake hayakuionyesha. Watazamaji wengi Marekani walilipa kiingilio wakimtarajia binadamu katili. Wakakutana na mamba.

Hasira zilikuwa kubwa. Wahakiki waliandika kwamba watu wamehadaiwa, na duniani kote filamu hiyo ikaambulia takriban dola milioni 15.

Mamba mwenyewe anatoka Ziwa Tanganyika. Ni Gustave, aliyepewa jina hilo na Patrice Faye, Mfaransa aliyeishi Burundi na kumfuatilia tangu miaka ya 1990, kwenye Mto Ruzizi na ufukwe wa kaskazini wa ziwa. Alikadiriwa kuwa na urefu wa zaidi ya mita 6. Simulizi zinamhesabia hadi watu 300, idadi ambayo hakuna aliyeithibitisha. Filamu ya uhalisia ya mwaka 2004 ilionyesha Faye na wenzake wakimtega kwa tundu la chuma lenye urefu wa zaidi ya mita 9. Chambo kiliwekwa, usiku ukapita, Gustave hakunaswa.

Kwa mtu wa Kibirizi au Ujiji, kule Kigoma kwenye ziwa hilohilo, hayo ni maji yake. Na aliyekulia kwenye vibanda vya video anajua utaratibu: steringi na adui wajulikane mapema, kisha mpambano uanze. Kumficha adui mpaka watu waketi ukumbini ni kuwauzia mbuzi kwenye gunia.

Siku hizi adui ndiye anayeuza filamu, tena waziwazi. Disney ilifanya hivyo kwa Maleficent mwaka 2014, halafu kwa Cruella. Trela ya Cruella ilipotoka Februari 2021, mashabiki waliilinganisha papo hapo na Joker ya 2019, wakabishana kama mwanamke anayetaka kuchuna watoto wa mbwa anastahili kuhurumiwa. Hao angalau walijua wanabishana juu ya nani.

Lakini lawama nzito zaidi dhidi ya Primeval haihusu bango. Filamu ilipigwa Afrika Kusini, na masteringi wake ni wanahabari wa Kimarekani. Wavuvi na watu wanaoteka maji na kuoga ziwani, wale hasa ambao mamba huwapata, wamewekwa pembeni ya hadithi inayowahusu. Hilo linauma kuliko trela ya uongo.

Ziwa hili lilishawahi kuipa Hollywood adui mwingine. Katika The African Queen ya mwaka 1951, meli ya Kijerumani inayozamishwa mwishoni chimbuko lake ni meli halisi, Graf von Götzen, iliyoletwa vipande vipande kwa reli, ikaungwa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Filamu hiyo nayo haikupigwa hapa. Kamera zilikwenda Uganda na Kongo. Meli halisi ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaopolewa 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Mwaka 2015 ilileta Kigoma maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi, nchi ya Gustave, waliokuwa wamekwama ufukweni Kagunga.