Mrija wa pipa la dizeli: Sentimita tano zinazolinda mtaji

WENYE maduka, mabucha na vyumba vya baridi wanaoweka pipa la dizeli nje ya jengo ili jenereta ifanye kazi usiku kucha, huwa makini sana na bei ya pipa na bei ya mafuta yenyewe. Kitu wanachomwachia fundi aamue peke yake ni mrija unaonyonya mafuta kutoka ndani ya pipa hilo. Ni kipande cha bomba kisichofika urefu wa mita moja, lakini ndicho kinachoamua kama mali iliyomo kwenye friji itafika asubuhi ikiwa salama.

Somo la kukaa muda mrefu bila umeme lilipatikana Zanzibar. Kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, kisiwa cha Unguja kilikosa umeme wa gridi kwa takriban miezi mitatu, kutokana na hitilafu katika njia ya umeme inayopita chini ya bahari kutoka Tanzania Bara. Jenereta zilizonunuliwa kwa ajili ya saa mbili tatu zililazimika kufanya kazi mchana na usiku.

Hali imebadilika tangu wakati huo. Waya mpya wa baharini wenye uwezo wa megawati 100 ulizinduliwa mwaka 2013, na Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115 lilianza kuzalisha umeme mwaka 2024. Hata hivyo, nguzo ikianguka au transfoma ikiungua, umeme mwingi ulioko kwenye gridi haumsaidii mwenye samaki wanaoyeyuka.

Hesabu ya saa

Tuchukue mfano wa jenereta ya dizeli inayokula lita 4 kwa saa. Tangi lake la lita 40 likijazwa saa 2 usiku, litakauka saa 12 asubuhi. Umeme usiporudi, lazima awepo mtu wa kuongeza mafuta kabla ya hapo, na mara nyingi mtu huyo ni mlinzi mwenye tochi mkono mmoja na dumu mkono wa pili, akimimina dizeli karibu na ekzosi yenye moto.

Pipa la lita 200 lililounganishwa vizuri litatoa lita 187 hivi, yaani karibu saa 47 za kazi. Lita 13 zinazobaki hazijaibwa. Ziko chini ya mdomo wa mrija, na ndizo zinazowagombanisha mafundi na wenye mali.

Mafuta yaliyolala

Pipa la kawaida lina kipenyo cha ndani cha sentimita 57 hivi, kwa hiyo kila sentimita moja ya kimo ni takriban lita 2.5. Mrija ukiishia sentimita 5 juu ya kitako cha pipa, karibu lita 13 hazitanyonywa kamwe. Mwenye mali akiona hivyo huhisi anapunjwa, akaamuru mrija ushushwe mpaka uguse chini. Hapo ndipo hasara ya kweli inapoanzia.

Pipa huvuta hewa kadiri mafuta yanavyopungua. Hewa ya pwani ina unyevu, na usiku ukipoa unyevu huo hugeuka matone kwenye kuta za pipa. Maji ni mazito kuliko dizeli, hivyo huteremka na kukaa chini pamoja na kutu na mchanga. Vijidudu huota pale maji na dizeli vinapokutana, vikaacha utelezi unaoziba chujio. Mrija unaogusa kitako hunyonya uchafu huo wote. Injekta pampu na nozeli hulainishwa na dizeli yenyewe. Yakipita maji, vyuma husagana.

Hesabu ya mtaji iko hivi. Lita 13 zilizolala hununuliwa mara moja tu, si kila wiki. Hata kama zimenunuliwa kwa mkopo wa riba ya asilimia 20 kwa mwaka, gharama ya kuziacha pale ni sawa na lita 2.6 kwa mwaka. Jenereta ya mfano wetu hula kiasi hicho kwa dakika 39. Hesabu hiyo haibadiliki bei ya dizeli ikipanda au ikishuka, kwa kuwa gharama na manufaa vyote vimepimwa kwa lita. Upande wa pili wa mizani kuna matengenezo ya pampu, siku za kusubiri kipuri, na nyama iliyooza.

Namna ya kufunga

Pipa la chuma huja na matundu mawili juu, moja la inchi mbili na jingine la robo tatu inchi. Hakuna haja ya kulitoboa, na kulichomelea pipa lililowahi kubeba mafuta ni hatari ya mlipuko hata kama linaonekana tupu. Mrija uingie kwa tundu la inchi mbili kupitia kizibo chenye uzi. Tundu dogo lifungwe kipumulio kilichopinda kuelekea chini na chenye wavu, ili hewa iingie lakini mvua na wadudu wasiingie. Pipa lisilopumua hujenga mvuto ndani, mafuta hupungua njiani, na jenereta huzimika ingawa pipa bado lina mafuta.

Mdomo wa mrija ukatwe kwa mshazari. Pipa nalo liinamishwe kidogo upande ulio mbali na mrija, maji yakusanyike huko.

Bomba jeusi la chuma linafaa. Bomba la maji la gavanaizi halifai, kwa sababu zinki yake huingiliana na dizeli na kuacha masizi kwenye nozeli. Shaba nayo huharakisha dizeli kuharibika ikikaa muda mrefu. Mpira uwe wa mafuta. Mpira wa maji hulainika, ukavuta hewa kwenye maungio. Hewa ikiingia kwenye njia ya dizeli injini hufa, na haitawaka mpaka fundi aitoe.

Kabla ya kufika kwenye mashine, mafuta yapite kwenye chujio lenye kikombe cha kutenganisha maji. Pipa likae usawa mmoja na jenereta kadiri inavyowezekana. Likikaa chini sana pampu ya mashine hushindwa kuvuta. Likikaa juu, mpira ukipasuka pipa zima humwagika lenyewe. Koki ya kufungia mafuta ni lazima.

Bomba la marejeo

Kosa linaloweza kuteketeza duka ni la kusahau bomba la pili. Injini ya dizeli huvuta mafuta mengi kuliko inayochoma, na yanayozidi huyarudisha kwenye tangi. Fundi akihamishia pipani bomba la kunyonya peke yake, mafuta ya ziada huendelea kurudi kwenye tangi dogo la jenereta. Tangi hilo hujaa, kisha hufurika juu ya mashine yenye moto, saa ambazo hakuna mtu. Mabomba yote mawili yahamie kwenye pipa, nalo liwekwe mbali na ekzosi, juu ya sakafu yenye ukingo wa kuzuia mafuta yasisambae.

Petroli ni habari nyingine

Wenye vijenereta vya petroli wasiige utaratibu huu. Vingi kati yake havina pampu. Mafuta hushuka kwa uzito wake kutoka tangi la juu hadi kabureta. Mrija kutoka dumu lililowekwa chini hautavuta kitu, na dumu likiinuliwa juu sana kabureta hufurika. Aidha, petroli hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, na mvuke huo hutambaa sakafuni kutafuta moto. Kwa petroli, kitumike kifaa cha mtengenezaji wa mashine hiyo tu.

Siku ya kukabidhiwa kazi

Mnunuzi asilipe kabla ya kuona mambo manne: alama ya sentimita 5 iliyopimwa kwa kijiti kikavu, kipumulio kilicho wazi, bomba la marejeo linalomwaga ndani ya pipa, na mashine ikifanya kazi saa nzima yenye mzigo huku pipa likiwa na robo tu ya mafuta. Pipa lililojaa huficha makosa ya fundi.

Bei ya juu ya dizeli hutangazwa kila mwezi na EWURA kwa Bara na ZURA kwa Zanzibar, na mfanyabiashara hana kauli juu yake. Urefu wa mrija hupangwa siku moja, mwenye mali akiwa amesimama hapo hapo.