Maabara ya mtandaoni: usitume linki tu

Haya jamani, hii ni kwenu mnaofundisha maabara za chuo, na pia kwa mwenye binamu Dar au Mombasa anayesoma sayansi.

Vyuo vilipofungwa Machi 2020, maabara zilihamia kwenye skrini ghafla. Tangu hapo walimu tunatumiana linki kila siku. Sawa, lakini je, mwanafunzi anaweza kuzitumia?

Chukua PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, iliyoanzishwa 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Nobeli ya fizikia ya 2001. Unaunganisha betri, nyaya na balbu kwenye skrini, na ukikosea, moto ni wa kuchora tu. Ni bure, na simulesheni nyingi unaweza kuzipakua ukazitumia bila intaneti. Kwa anayenunua bando la siku moja moja, hilo ndilo jambo kubwa.

Ila skrini ina kasoro moja: majibu yake ni safi mno. Sayansi ya kweli ina fujo. Kwa hiyo mwongezee kazi ya mikono. Afunge kitu kizito kwenye uzi, mita 1 kutoka pale ulipofungwa hadi katikati ya kile kizito. Akiachie kibembee kidogo, apime kwa simu muda wa kwenda na kurudi mara 10. Atapata kama sekunde 20. Mwenzake atapata 19.6, mwingine 20.5. Kwa nini? Kidole kilichelewa? Uzi ulipimwa vibaya? Hapo ndipo maabara inapoanza. Akitaka zaidi, phyphox, programu ya bure ya Chuo Kikuu cha RWTH Aachen, inasoma vihisio vya simu yenyewe.

Basi ukigawa somo, gawa kamili: karatasi ya maelekezo inayoharirika, vipimo halisi pamoja na makosa yake, ukubwa wa faili, na ruhusa ya kulibadilisha.

Halafu lugha. Tanzania, shule za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, kisha sekondari na chuo ni Kiingereza. Maelekezo ya lugha mbili yanasaidia kweli. Kiswahili chako ni cha kuungaunga? Hamna shida. Andika rasimu, mtumie binamu akusahihishe. Yeye anapata maabara, wewe unapata lugha.